Bach Naye Aliitwa na Kamati

Kwa ambao hamkufika Jumamosi kwenye semina ya wanakwaya, najua ile mvua ilifunga barabara za watu, hii hapa hotuba yote kama nilivyoitoa. Sehemu nilizokuwa naimba nimeziruka maana kuimba kwa kuandika bado sijaweza.

Tumsifu Yesu Kristo!

Aa, hapana. Hapo mmeitikia kama watu walioshiba pilau. Tumsifu Yesu Kristo!

Eeh, sasa nimewasikia.

Baba Paroko, walimu wenzangu, wapiga kinanda, mama zangu wa alto, na nyie vijana wa besi mliokaa karibu na mlango kama mnataka kutoroka, asanteni kwa kunialika. Nimeambiwa niongee kuhusu watunzi wakubwa wa zamani wa kule Ulaya, akina Bach, akina Handel, akina Mozart. Nikajiuliza niongee nini ambacho hamna? Nyimbo zao mnaziimba. Aleluya Kuu ya Handel kila Pasaka lazima, tena kuna kwaya sitaitaja besi wao hupotea njia pale katikati wanakuja kukutana na wenzao kwenye amina ya mwisho, si ndio? Ave verum ya Mozart tunaimba wakati wa komunyo. Basi nikasema leo nota tuziweke pembeni, tuongee watu.

Maana tuna shida moja. Tunaangalia picha zao, mzee mnene, wigi jeupe, uso umekunjwa kama anadaiwa kodi ya nyumba, tunadhani hawa walishushwa. Tunadhani walikaa tu dirishani malaika akaleta wimbo. Nani kawaambia? Nani kawaambia Bach hakuwahi kuitwa kwenye kikao kujieleza? Nani kawaambia Mozart hakuwahi kukopa? Hawa walikuwa na bosi, walikuwa na kamati, walikuwa na waimbaji wasiokuja mazoezini. Na Jumapili ilikuwa inafika pale pale, haimsubiri mtu.

Tuanze na Bach, na kwa Bach nitakaa sana, mnivumilie, ndiye mwenzetu kabisa.

Johann Sebastian Bach kazaliwa 1685, mji unaitwa Eisenach, Ujerumani. Akiwa na miaka 9 mama yake anafariki, na kabla hajafikisha 10 baba naye anafuata. Yatima. Anachukuliwa na kaka yake mkubwa ambaye alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Sasa huyo kaka alikuwa na kitabu cha nota za watunzi wazuri, kakifungia kabatini, hataki mdogo wake akiguse. Mtoto anafanyaje? Lile kabati lilikuwa na mlango wa nondo nondo kama wavu, anapitisha kamkono, anakizungusha kitabu kama mkeka, anakivuta nje, usiku watu wamelala. Taa hana. Ananakili kwa mwanga wa mbalamwezi. Miezi sita! Anamaliza, anaanza kuzipiga, kaka anagundua, anamnyang'anya nakala yote. Siku hizi mtu anatumiwa nota kwenye simu, pdf safi kabisa, anakwambia mwalimu sijafungua, bando limeisha.

Akiwa na miaka 18 anapata kazi Arnstadt, mpiga kinanda wa kanisa. Kijana ana kipaji na kichwa kigumu, vyote kwa pamoja. Kuna mwanafunzi mmoja aliitwa Geyersbach, anapiga basuni, ile zumari ndefu ya sauti ya besi, na anapiga vibaya. Bach akamtusi mbele za watu, kwamba hiyo basuni yako sijui inalia kitu gani. Usiku wa mwaka 1705 Bach anapita sokoni, Geyersbach na wenzake wamekaa wanamsubiri, jamaa ana fimbo, anamchapa nayo, na Bach (jamani, huyu huyu wa nyimbo za Mateso!) anachomoa upanga. Wakaamuliwa. Kesi ikaenda kwa wakubwa wa kanisa, na wakubwa wakamwambia neno ambalo mimi nimeliweka moyoni, kwamba kijana, dunia hii tunaishi na vitu visivyokamilika, jifunze kuishi na hao wanafunzi ulio nao.

Walimu wenzangu, mmesikia? Mnaishi na mlio nao.

Hajatulia. Mwaka huo huo anaomba likizo ya wiki nne aende Lübeck kumsikia mzee Buxtehude, bingwa wa kinanda wa enzi hizo. Kutoka Arnstadt mpaka Lübeck ni zaidi ya kilomita 400, hesabu kama Dar mpaka Dodoma hivi. Akaenda kwa miguu. Kwa miguu! Mwingine hapa kutoka stendi mpaka kanisani kachukua bodaboda. Likizo ni wiki nne, yeye akakaa karibu miezi minne. Karudi, kikao kinamngoja. Ulikuwa wapi? Anajibu nilienda kujifunza mambo ya kazi yangu. Na tangu urudi mbona kinanda unapiga kwa kuchanganya sauti za ajabu ajabu mpaka waumini wanapotea kwenye wimbo wanaoujua? Halafu mwanzo ulikuwa unapiga vipande virefu mno, tukakwambia, sasa umefanya kusudi unapiga vifupi kama unafukuzwa!

Wapiga kinanda mnacheka nini? Nani hapa hajawahi kuambiwa afupishe, akafupisha kwa hasira mpaka Baba hajafika altareni wimbo umeisha? Mimi nimefanya. Baba Paroko, sio parokia hii.

Kule Weimar ndio kabisa. Bach anataka kuhama kazi, mtawala wa Weimar hataki kumwachia, Bach anashikilia, mwaka 1717 wakamfunga jela, tarehe 6 Novemba mpaka tarehe 2 Desemba. Kosa lake? Kulazimisha kuacha kazi. Akatoka hivyo hivyo akaenda kwa bosi mpya, Köthen. Na huko 1720 akasafiri na bosi wake, aliporudi nyumbani akakuta mke wake Maria Barbara kafariki na kashazikwa. Alimwacha mzima. Hapo sina utani wowote wa kuweka.

Akaoa tena, Anna Magdalena, mwimbaji wa soprano, ndiye aliyekuwa anamnakilia nota nyingi. Watoto kwa wake wote wawili ni 20, waliokua ni 10. Mjue alizika watoto 10 huyu mtu.

Mwaka 1723 anaenda Leipzig, kazi aliyofia. Mnajua alivyoipata? Walimtaka kwanza mtunzi mwingine, Telemann, Telemann akakataa. Wakamtaka mtunzi Graupner, bosi wake akamgomea. Ndio wakamchukua Bach, na mjumbe mmoja wa baraza akasema kwa kuwa wazuri hawapatikani basi tuchukue wa wastani. Wa wastani! Bach! Ukishaambiwa na kamati yako kwamba we ni wa kushikia nafasi tu, rudi nyumbani ulale, umo kwenye kundi zuri.

Na kazi yenyewe. Miaka ya mwanzo pale karibu kila Jumapili kantata mpya, yaani wimbo wa nusu saa hivi, waimbaji na vyombo, atunge, nota zinakiliwe kwa mkono, wafanye mazoezi, uimbwe. Wiki ijayo mwingine. Zilizotufikia ni kama 200. Waimbaji wake ni vijana wa shule ya Mtakatifu Thomas, na mwaka 1730 aliandikia baraza barua ya malalamiko, akawahesabu mmoja mmoja. Akasema wanaofaa ni 17, ambao bado ni 20, wasiofaa kabisa 17. Naona walimu mnaangaliana. Kila mmoja ana orodha yake moyoni, ila Bach yeye aliiandika akaipeleka.

Mwaka huo huo kamwandikia rafiki yake wa zamani, akilalamikia kipato. Sehemu ya pesa yake ilitokana na kuimba mazishini, basi anasema hali ya hewa ikiwa nzuri watu hawafi, pesa inashuka, mwaka uliopita amepoteza zaidi ya taleri 100, hela ya huko enzi hizo, kwa sababu watu wa Leipzig walikuwa na afya. Ninapenda sana hii barua kuliko sanamu zake zote. Mtunzi wa nyimbo za mbinguni, anapiga hesabu za misiba, ana watoto wa kulisha. Na Jumapili ikafika, nyimbo zikaimbwa.

Sasa Handel.

Georg Friedrich Handel kazaliwa 1685 hiyo hiyo, mji wa Halle, sio mbali na alikozaliwa Bach. Na hawakukutana maisha yao yote. Bach siku moja alienda mpaka Halle kumtafuta, akaambiwa ndio kaondoka. Huyu wa pili ni mtu tofauti kabisa. Hakuoa, alipenda kula, na alipenda hela vizuri tu. Alihamia London akawa anafanya biashara ya opera, yaani michezo ya jukwaani ya kuimba. Hasira zake zilijulikana. Akiwa bado kijana kule Hamburg mwaka 1704 alipigana upanga na rafiki yake Mattheson, mtunzi na mwimbaji, wakigombania nani akae kwenye kinanda katikati ya onyesho. Upanga wa Mattheson ukagonga kifungo cha koti la Handel, ukavunjika. Kifungo! Pasipo kile kifungo hakuna Aleluya Kuu, Pasaka tungekuwa tunaimba nini sijui. London tena, soprano mmoja maarufu, Cuzzoni, akakataa kuimba wimbo aliopewa, Handel akamshika akamwambia atamtupa dirishani. Aliimba. (Walimu, hii sio mbinu, tafadhali.)

Biashara ya opera ikamchosha, 1737 akapigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukakataa. Watu wakasema basi kaisha. Akaenda kwenye maji moto akapona. Na mwaka 1741, kuanzia tarehe 22 Agosti mpaka 14 Septemba, siku 24, akaandika Masiya yote, sehemu zote tatu, na ile Aleluya ikiwa humo ndani.

Sasa sikilizeni wasomaji nota. Anaelekea Dublin kuiimbisha kwa mara ya kwanza, anakwama mji wa Chester, upepo mbaya meli haziondoki. Akasema nisikae bure, nitafutie waimbaji nijaribu hizi nyimbo. Wakamletea besi mmoja, kazi yake mchapishaji, wakamsifia kwamba huyu ndio jembe la kwaya ya kanisa kuu. Akapewa nota. Akaharibu. Tena. Akaharibu. Handel akatukana kwa lugha nne tano, maana alizijua, kisha akamfokea kwa Kiingereza chake kibovu, we si uliniambia unasoma nota ukiziona tu? Jamaa akajibu kwa upole, ndiyo mzee, nasoma nikiziona, ila sio nikiziona mara ya kwanza.

Besi, mmeona ukoo wenu ulivyoanza zamani?

Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, wanawake wakaombwa waje bila zile gauni zenye duara la waya na wanaume waache panga nyumbani ili watu waenee, ukumbi wa watu 600 wakaingia 700. Hela iliyopatikana ilienda hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, wafungwa 142 wakalipiwa wakatoka jela. Yule mtu aliyetaka kumtupa mtu dirishani! Na kule London baadaye akawa anaimbisha Masiya kila mwaka kuchangia kituo cha watoto waliotupwa. Tumuweke kapu gani? Mkali au mkarimu? Mimi nimeshindwa, nimemwacha kwenye makapu yote mawili.

Kuhusu ile ya kusimama wakati wa Aleluya kwamba mfalme wa Uingereza alisimama, hiyo habari iliandikwa miaka mingi baada ya tukio lenyewe, kwa hiyo mzee aliyechoka magoti akikaa msimtolee macho.

Kitu kimoja kinaniuma. Bach na Handel, ambao hawakuwahi kukutana, wote uzeeni macho yalififia, na wote walipasuliwa macho na daktari mmoja, John Taylor, mtu wa maneno mengi na kujitangaza. Bach alipasuliwa mara mbili mwaka 1750, tarehe 28 Julai mwaka huo akafa. Handel naye kipofu mpaka mwisho wake, 1759, na akiwa kipofu bado alikuwa anapiga kinanda mbele za watu.

Haydn nimpitie haraka maana naona Baba anaangalia saa. Huyu alikuwa mtoto wa fundi magurudumu, aliimba kwaya ya watoto Vienna, sauti ilipovunjika wakaanza kumchoka, na siku alipomkata mwenzake nywele za kisogoni kwa mkasi wakamfukuza. Akaja kuajiriwa na ukoo tajiri wa Esterházy, akavaa sare kama watumishi wengine. Mwaka 1772 bwana mkubwa kakaa na wanamuziki huko jumba la mashambani miezi na miezi, wake zao wako mbali, hawaruhusiwi kuondoka. Mngefanya nini nyie? Mgomo? Haydn akatunga simfoni, yaani muziki mrefu wa vyombo vingi, mwishoni kila mpigaji akimaliza kipande chake anazima mshumaa wake anaondoka, mmoja, mmoja, mpaka wakabaki wapiga fidla wawili. Bwana mkubwa akaelewa. Kesho yake watu wakaenda nyumbani. Hiyo ndio barua ya likizo nzuri kuliko zote ninazozijua.

Na Beethoven mnamjua kwa uziwi wake, mjue pia kwamba baba yake alikuwa mlevi aliyemsukuma mtoto kwenye kinanda kwa ukali, kwamba mkahawani aliwahi kumrushia mhudumu sahani ya nyama na mchuzi wake baada ya kuletewa chakula ambacho hakukiagiza, na kwamba asubuhi alihesabu punje 60 za kahawa kwa kikombe kimoja. Na Vienna tarehe 7 Mei 1824, simfoni ya tisa imeisha, ukumbi unalipuka, yeye kawapa mgongo bado anaangalia nota zake, hasikii kitu, mpaka mwimbaji wa alto, Caroline Unger, akamshika akamgeuza aone watu wanavyopiga makofi. Alto ndiye aliyemgeuza. Mama zangu, nawasalimia.

Hapo nilipowataja akina mama niwaulize, mbona kwenye orodha hii wote wanaume? Kwani wanawake walikuwa hawatungi? Walitunga! Fanny Mendelssohn, dada yake Felix Mendelssohn yule wa nyimbo za harusi, alisomeshwa muziki sawa sawa na kaka yake, walimu wale wale. Mwaka 1820, Fanny ana miaka 14, baba yao akamwandikia kwamba kwa Felix muziki huenda ukawa kazi yake, lakini kwako wewe utakuwa pambo tu. Pambo. Kama kitambaa cha juu ya redio. Nyimbo zake nyingine zikatoka kwenye vitabu vya kaka yake, kwa jina la kaka yake.

Mwaka 1842 Felix kaalikwa kwa Malkia Victoria, na Malkia mwenyewe akaimba wimbo mmoja aliokuwa anaupenda kutoka kitabu cha Felix. Felix akasikiliza mpaka mwisho, halafu ikabidi aseme ukweli, kwamba huu wimbo uliouchagua aliutunga dada yangu. Fikirini mko pale. Fanny alitunga zaidi ya vipande 400, na mwaka 1846 tu ndio akaanza kuvichapisha kwa jina lake, bila kungoja baraka za mtu. Mei 1847 akiwa kwenye mazoezi ya muziki nyumbani kwake, mikono ikakataa kwenye kinanda, kiharusi, siku ile ile akafariki. Felix hakufikisha miezi sita, akamfuata.

Walimu, binti akikuletea wimbo aliotunga, usimwambie mpelekee kaka fulani aurekebishe. Soma kwanza.

Wa mwisho ni Mozart, na nimemweka mwisho kwa sababu yangu.

Wolfgang Amadeus Mozart, Salzburg, 1756. Habari za utotoni mnazijua, mtoto wa ajabu anazungushwa Ulaya nzima na baba yake. Lakini ukubwani akawa mwajiriwa wa Askofu Mkuu wa Salzburg, Colloredo. Baba Paroko unisamehe, lakini ni historia. Mwaka 1781 Askofu yuko Vienna na watumishi wake, Mozart anamwandikia baba yake jinsi wanavyokaa mezani, kwamba watumishi wawili wa chumbani kwa Askofu wanakaa kichwani mwa meza, mimi walau nimepata heshima ya kukaa juu ya wapishi. Mtu aliyepiga mbele ya wafalme akiwa mtoto! Akaomba kuacha kazi, ikawa vuta nikuvute, mpaka msimamizi wa jumba la Askofu, Arco, akamtoa mlangoni kwa teke. Teke la makalio. Mwenyewe Mozart kaandika hivyo.

Akaanza kujitegemea. Hela zilikuja, na zilitoka. Alipenda nguo nzuri, alipenda biliadi, mke anaumwa, watoto wanakufa wadogo, akawa anamwandikia rafiki yake Puchberg barua za kuomba mkopo, nyingine zinatia huruma hadi unataka kuifunga. Alikuwa na ndege wa kufuga, alipokufa akamfanyia mazishi na shairi juu. Huyo ndiye. Habari za kwamba mtunzi mwenzake Salieri alimpa sumu ni hadithi, tuziache.

Juni 1791, mke wake Constanze ni mjamzito, yuko mji mdogo wa Baden kwa matibabu ya maji. Pale Baden kuna mwalimu wa shule, Anton Stoll, ambaye ndiye pia mwalimu wa kwaya ya parokia. Mnamwona? Mchana anafundisha watoto kusoma, jioni mazoezi ya kwaya, kwaya yenyewe ya kawaida tu. Ndiye aliyeombwa amtafutie mke wa Mozart chumba cha chini asipande ngazi. Mozart alikuwa akimtania kwenye barua, kwa vina, anamwita mlevi. Marafiki.

Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo inakaribia, na Mozart anamtungia huyo mwalimu wa kwaya wa mji mdogo wimbo mmoja. Mstari wa nota unahesabika, vipimo 46 basi. Hauna pahali pa kujionyesha, soprano hawapandi mbinguni, besi hawazami. Juu yake akaandika tu kwamba uimbwe kwa sauti ya chini. Miezi sita haijafika, tarehe 5 Desemba, Mozart kafa, miaka 35.

Sasa kopi ziko hapo mezani, kila sauti ichukue tano, mpeane. Ni ule ule wa Stoll, Ave verum. Besi sogeeni mbele, mlango utajilinda. Mpiga kinanda tupe re. Na nimesema kwa sauti ya chini, jamani, ya chini, kabla ya komunyo watu wanasali.